Mguu Usiokuwa Mgonjwa

Mama zangu na dada zangu wa hapa Kiganjo, nimesalimia kila mtu mlangoni na bado sijui niangalie wapi. Wacha niseme haraka kabla uoga haujanirudisha kwa kiti.

Nilipojifungua nilinyamaza, mkadhani ni maringo. Ukweli ni kwamba mtoto akilia, kichwani ilikuja picha ya mimi nikimfunika uso na mto. Nilianza kuogopa mikono yangu. Baba yake alikuwa kazini Nakuru, na sikumwambia.

Nikatafuta kaunsela Ruiru, nisionekane na mtu wa hapa. Siku ya kwanza aliniambia, "Ukisema hapa inabaki hapa, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini." Nikaitikia tu ee, ee. Siku ya tatu nikamwambia habari ya mto, na kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimeushika.

Akaweka kalamu chini. "Hii siwezi kubaki nayo, mami. Leo lazima mtu akae na wewe. Nimpigie nani?"

Ndugu zangu, nilimtusi. Nikamwambia yeye ni mtu wa udaku. Akangoja nimalize, akasema, "Kupiga nitapiga. Wa kupigiwa chagua wewe."

Aliyenijia akilini ni mama mkwe, kule Gatuanyaga. Yule niliwaambia ni mchoyo, hajawahi kuletea mjukuu hata yai. Nilidanganya. Alileta, nikaficha.

Alifika jioni hiyo na begi. Hakuniuliza kitu. Alibeba mtoto akaniambia, "Lala." Majirani walipouliza, akasema mguu unamsumbua, amekuja nimtunze. Akaanza hata kuchechemea!

Nanyi mkaja na sukari na unga kumwona mgonjwa. Mkasema mngependa kupata mkaza mwana kama mimi. Nikasema asante, nikawapikia chai, nikaketi hapo nikisifiwa. Hiyo inaniuma kuliko hata ule mto.

Sasa niko sawa, kliniki bado naenda. Namshukuru kaunsela. Angeninyamazia siku ile ningempenda sana, na pengine leo singekuwa na huyu wa mgongoni. Kaunsela akikwambia kuna jambo hawezi kukufichia, usimkimbie kama vile nilitaka kukimbia. Mpe jina la mtu.

Cucu wa mtoto, huyo mama mkwe wangu, ameketi pale nyuma. Mguu wake ni mzima, haujawahi kuuma. Mgonjwa mliyemletea sukari ni mimi.