Siku Kumi na Moja za Nurys Encarnación

Marehemu Nurys Encarnación Tejeda alizaliwa katika mji wa Baní tarehe 4 Machi 1958, kifungua mimba wa mzee Obispo, mkulima wa vitunguu, na mama Ludovina. Alisoma hukohuko hadi darasa la nane, akaacha shule mama yake alipougua. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni, maana hesabu alizipenda kuliko chakula.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha Haina. Kazi yake ilikuwa kuzungushia pete nyeusi za sumaku nyaya mbili za shaba, mmoja upande huu, mwingine upande ule, ili umeme upite lakini kelele, yaani mitetemo ya umeme inayovuruga mashine, zinazoingia kwa nyaya zote mbili kwa pamoja zizuiwe. Pete hizo zilifungwa ndani ya mashine za hospitali zinazoonyesha mapigo ya moyo. Miaka mitano baadaye akawa mkaguzi.

Mnamo Juni 1984 aliolewa na Leocadio Mateo, fundi redio. Siku ya posa Leocadio alileta redio ya zawadi, ikakoroma mbele ya wakwe. Nurys akaufunga waya wake kwenye pete, ikatulia. "Kama redio imenyamazishwa hivi," Leocadio akasema, "mimi nitapata nafasi ya kusema lini?"

Mwaka 1996 msimamizi alitaka kasi. Akaamuru wanawake wakae wawili wawili wakitazamana, kila mmoja azungushe nusu yake ya pete. Mireya, mdogo wake Nurys, alikuwa miongoni mwao. Mizunguko ilitakiwa kuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto, nusu moja kinyume cha nyingine. Kwa kutazamana ikatoka kama mikono miwili ya kulia. Idadi ya mizunguko ilikuwa sawa, kwa hiyo Nurys akatia saini. Aligundua kosa mashine zikiwa zimeshapelekwa hospitali: pete hazikuzuia kelele yoyote. Msimamizi akamwambia anyamaze, wanawake arobaini wana watoto wa kulisha.

Alinyamaza siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alipanda basi hadi Santo Domingo, akaenda hospitalini na kueleza yote. Mashine ziliondolewa. Kama kuna mgonjwa ambaye moyo wake ulisomwa vibaya, hakuna aliyewahi kumwambia Nurys. Chumba chao kiwandani kilifungwa, wote arobaini wakakosa kazi, na Mireya hakumsalimia tena kwa miaka ishirini na sita.

Agosti 2022 moyo wa Nurys ulianza kudhoofika. Wodini alikuwa akikazia macho mistari ya mapigo yake kwenye mashine, na kila ilipotetemeka aliuliza kama ni yeye au ni mashine. Tarehe 9 Januari Mireya alikuja.

"Ungeniambia mimi kwanza, dada."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

Wakalia pamoja. Nurys akaomba kwamba watu wasije wakamsifu makaburini kwa ile siku moja na kuzificha zile nyingine. Alifariki tarehe 17 Januari 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, Leocadio, watoto wawili, Yajaira na Wilfrido, wajukuu wanne, na mdogo wake Mireya, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Dada, zimesomwa zote kumi na moja. Pumzika.