Mwalimu Kavuo na Safari ya Kule Juu

Mama yetu, Mwalimu Léa Kavuo, alizaliwaka tarehe 14 mars 1979 kule Alimbongo. Ku shamba alikuwa anasimama na jembe, macho mu mawingu, mama yake anapiga kelele: «Wee Kavuo, viazi biko chini, hapana kule juu!»

Alisomaka primaire pale pale, kisha pédagogie Butembo, akapata diplôme d'État mu 1998. Akafundisha Beni miaka saba, kisha akarudia Butembo, sixième primaire, mpaka mwisho.

Tarehe 12 août 2000 akaolewa na papa Zacharie Lusenge. Papa anasema wakati ya fiançailles, mbele ya ndoa, mama alikuwa anamuonyesha sayari. Papa alikuwa anajibu tu «ndiyo, ndiyo», hakuona kitu.

Mu 2022 akasikia ku radio kama banatafuta batu ba kwenda mu espace, kule juu ya mawingu, hata bawalimu. Ee! Akatuma dossier. Mais mwalimu ni mwalimu: akaiandika sawa ile fiche yenye bawalimu banatayarishaka mbele ya kila somo. «Objectif: mwisho wa safari, mwalimu atakuwa na uwezo wa kurudi nyumbani.» Nyumba yote ilicheka! Mais bale batu bakajibu: akuje Kampala, kwa test.

Kwa kuzoea mwendo ya kule juu, akapanda chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, mu mteremko, na kikwembe chake, banafunzi banakimbia nyuma: «Mwalimu, frein! Frein!» Akaanguka mu matope, akasimama, akasema: «Atterrissage. Nimetua.»

Ilibakia karatasi ya docteur. Docteur Jéthro, mwanafunzi wake wa zamani, akamupima, akakuta moyo yake inagonjwa sana.

«Jéthro, andika tu apte, kama niko muzima wa kusafiri.»

«Mwalimu, siwezi. Utakufia njiani.»

«Nikifia kule juu, shida iko wapi?»

Jéthro akalia, mais hakusaini. Mwalimu hakumusalimia wiki nzima. Siku ya nane akamutumia message: «Ulifanya kazi yako. 10 sur 10. Mais inaniuma.»

Alifariki ku hôpital, Butembo, tarehe 9 juin 2025, saa kumi ya mangaribi. Aliuliza: «Zacharie, mbingu iko safi leo?» Papa akajibu: «Iko safi kabisa.» Inje mvua ilikuwa inanyesha.

Anaacha papa Zacharie, sisi batoto wake, Abdias na Ornella, dada yake Adèle, na banafunzi ba miaka makumi mbili na sita.

Apumzike kwa amani, mama yetu. Kwenye ameenda sasa, hapana mutu atamuomba karatasi ya docteur.