Kumi Iliyoshindwa na Saba

Benchi letu la mtaa wa Buyenzi limeegemea ukuta wa duka la Djibril, muuza vipuri. Alasiri hiyo tulikuwa watu wanne na birika moja la kahawa ya tangawizi: Djibril mwenyewe, Mohamadi fundi, tunayemwita Buji, yaani plagi ya injini, kwa sababu akiguswa kidogo tu anawaka, Mwalimu Télesphore, aliyefundisha fizikia kwenye lycée, yaani sekondari, mpaka akastaafu, na mimi. Ndipo akaja Kudra, mwenye mashine ya kusaga muhogo mtaa wa pili, unga umemkaa mpaka kwenye nyusi. Tulimsogezea nafasi. Hakukaa.

Umeme wa mjini ulikuwa unakatika kila siku, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Kudra alikuwa amenunua jenereta kwa Djibril, Mohamadi akaifunga. Mashine ilizunguka vizuri ikiwa tupu, lakini kila alipomimina muhogo, swichi ya jenereta iliruka na vyote vikazima. Asubuhi hiyo wateja walikuwa wamebeba mabeseni yao, wakaenda kusaga mtaa wa Kinama.

— Kwenye jenereta waliandika kumi, alisema. Kwenye mota ya mashine, saba. Kumi haishindi saba?

Djibril akasema jenereta ni mpya, kosa ni la nyaya. Mohamadi akawaka: nyaya alizifunga yeye, kosa ni la mazutu, dizeli chafu ya jenereta. Djibril akaja na jingine: mota imezoea umeme wa mjini miaka mingi, sasa inakataa umeme wa kigeni kama mtoto anavyokataa titi la mama mwingine. Mohamadi akamzidi. Kwake yeye, umeme wa jenereta unatoka ungali moto. Inabidi waya uzungushwe nyumba nzima ili upoe kwanza.

Kudra akawapa mgongo, akamtazama Mwalimu.

Télesphore akaokota kijiti, akachora mchangani mawimbi mawili, moja likichelewa nyuma ya jingine, akaanza habari za kosini fi, hesabu ya umeme unaochelewa, kwa Kifaransa cha darasani.

— Mwalimu, mi sikuulizia mawimbi ya ziwa, Kudra akamkata. Naulizia mashine.

Mzee akafuta mawimbi kwa kiatu, akaanza upya. Saba ile ni kilowati, nguvu inayofanya kazi. Kumi ile ni kVA, umeme wote ambao jenereta inaweza kuubeba. Na mota inavuta umeme wa namna mbili: wa kusaga, na wa kutengeneza sumaku ndani yake. Wa sumaku hausagi kitu, unakwenda na kurudi tu, lakini unapita waya uleule na swichi inauhesabu. Mota ya Kudra ni kuukuu, inavuta mwingi mno, ndiyo maana muhogo ukiingia jumla inapita kumi.

— Unarudi, haupotei, na bado unaleta shida? Mohamadi akasema. Apana, hiyo naikataa.

Akaikataa tena, na tena, mpaka Kudra akamgeukia.

— Shemeji, kwa mulango yangu wanakuja watu wa kupiga stori tu. Hawasagi, hawaibi, wanarudi kwao. Lakini wenye mabeseni wanakosa pa kupita. Si ni hivyo, Mwalimu?

— Ni hivyo. Tuwatafutie pa kukaa ndani, wasijaze njia.

Pa kukaa palikuwa kondensateri, kopo linalofungwa kando ya mota ili umeme wa sumaku uende na kurudi hapohapo bila kufika kwenye jenereta. Djibril alikuwa nazo kwenye rafu. Tukaenda wote kwenye mashine. Télesphore akapiga hesabu ya ukubwa, Mohamadi akafunga huku akinung'unika. Kudra akamimina beseni zima. Mota ikaguna, ikashusha sauti, ikaendelea. Unga ukatoka.

Hapo kila mtu akawa bingwa. Djibril eti alijua tangu zamani kwamba kopo lile lingefaa. Mohamadi naye eti alikuwa ameishuku mota tangu mwanzo. Mwalimu akarudia kosini fi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kudra akazima mashine ili tumsikie.

— Mbele ya kununua jenereta, nilikuja pale kwenye benchi nikauliza: hii itatosha? Wote mulikuwa pale. Mukasema iko sawa, kumi ni nyingi. Ile siku, hizi akili zilikuwa wapi?

Mohamadi akaitazama bisibisi yake. Djibril akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akavua miwani akaifuta unga, akaifuta tena. Kudra akasogeza beseni jingine. Akawasha mashine, nasi tukatoka nje mmoja mmoja, tumejaa unga mabegani.