Historia ya Mektilda Kapinga, na Jibu la Reli Mnalolisubiri

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa kijiji, ndugu zetu mliopanda milima kutoka ziwani na ninyi majirani wa hapa Kitura, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Bartholomayo Kapinga, mdogo wake marehemu wa kumfuata, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake, kazi ambayo siku nyingine ingekuwa nyepesi, ila ninyi wenyewe mmeiongezea mzigo. Tangu juzi mmekuwa mkinifuata mmoja mmoja, wengine hadi nyuma ya banda la nguruwe, mkinitaka niseme hadharani dada yangu alikuwa upande gani, yaani nani alipie kazi ya kukagua usalama wa reli, mwenye treni au sisi sote, kwa kuwa yeye ndiye mliyemchagua apeleke jibu moja la kijiji, na jibu hilo linatakiwa Jumatatu, naye ametutoka bila kulitoa. Nawaona mlivyokaa, watu wa Mzee Augustino, mnaosema mwenye treni alipe, kushoto, watu wa Mama Emerensiana, mnaosema sote tulipe, kulia, na katikati mmeacha njia ambayo hakuna aliyeipita isipokuwa jeneza. Basi nitasoma maisha yake kama yalivyokuwa, nikilitafuta jibu hilo humohumo, na nikilikosa mnisamehe, maana hata mimi kichwa kimenizunguka.

Marehemu Mektilda alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 hapahapa Kitura, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Joakim Kapinga na marehemu Mama Luisa, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka huohuo, na akakulia katika mteremko ule pale juu, ambako alijifunza kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, kabla hajajua kuyahesabu. Siku hizo wazee wa ukoo walikuwa bado wanakula pamoja kwenye sengu, baraza la ukoo, kila nyumba ikileta chungu chake, na mzee aliyeamua ugomvi alimega kidogo kutoka kila chungu ili asiwe wa nyumba yoyote. Naona watu wa kulia mnatikisa vichwa kwa kukubali, lakini msitangulie, kwa sababu mkunga aliyempokea marehemu duniani, bibi yetu Avelina, alilishwa na nyumba ya mzazi peke yake, tena kuku mzima, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa ajili ya kuku yule aliifanya kazi yake vibaya. Kwa hiyo katika kuzaliwa kwake sikupata jibu.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1964, na mwaka 1968 akapelekwa Kigonsera, akakaa na shangazi yetu, akamaliza darasa la saba mwezi Novemba 1970. Huko alichaguliwa kuwa kiranja wa jikoni, kazi yake ikiwa kuangalia kama maharage yamechambuliwa na kama unga hauna wadudu, na mpishi, ambaye alikuwa mtu mwema ila mvivu, akawa anamwekea ukoko wa ugali chini ya sufuria, nao dada yangu aliupenda ukoko kuliko nyama. Akaula mwaka mzima, na siku alipowakuta wadudu katika unga alikwenda kwa mwalimu akasema, akiwa bado na ukoko mdomoni. Watu wa kushoto mtafurahi kwamba anayekula kwa anayekaguliwa bado anaweza kusema kweli, ila na mimi niwamalizie, kwamba tangu siku ile hakupewa ukoko tena, na likizo ilipofika alilia mbele ya mama akisema kuwa kama angejua angewaacha wale wadudu. Mama alicheka mpaka akaketi chini, na mimi hadi leo sijui kama dada alikuwa anatania.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mkulima wa kahawa na mahindi maisha yake yote, lakini kuanzia msimu wa mwaka 1978 wakulima walimchagua awe shahidi wao kwenye mizani ya kununulia kahawa kule Mbuji, asimame pembeni ya karani na kuangalia kwamba mshale unasimama mahali pake. Ilikubaliwa kwa sauti moja kwamba asile chakula cha wanunuzi hata chembe, bali wakulima wamletee kwa zamu, na misimu miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, akala viazi vya huyu leo na ndizi za yule kesho, hadi akanenepa. Msimu wa tatu kila nyumba ikadhani nyumba nyingine imepeleka. Dada yangu alisimama kwenye mizani tangu alfajiri akiwa na maji tu tumboni, jua likapanda, akaanguka juu ya magunia, na karani, kwa huruma ya kawaida ya binadamu, akampa sahani ya wali. Aliula, akainuka, akaendelea kuangalia mizani kwa haki ileile, lakini hakuna aliyemwamini tena, na waliomsema zaidi ni walewale ambao zamu zao zilipita bila kiazi. Mwaka 1981 aliacha kazi hiyo kwa hiari yake, na nilipomuuliza kama angependa shahidi ajaye alishwe na nani, alinijibu kwamba swali hilo aulizwe mtu aliyeshiba.

Tarehe 16 Oktoba 1982 marehemu alifunga ndoa na marehemu Cuthbert Challe, mvuvi wa ufukweni karibu na Mbamba Bay, Mwanglikana safi wa kuzaliwa, jambo ambalo lilimfanya baba yetu asinyoe ndevu kwa muda mrefu, lakini mapadre wa pande zote mbili walikuwa na busara kuliko baba na ndoa ikafungwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hamphrey, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1984, na Edina, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1987, ambao wote wako hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu wanne. Kule ziwani dada alizoea kula ugali wa muhogo, na kila jioni kabla mumewe hajaingia majini aliukagua mtumbwi kwa mkono, akipapasa kila ufa, na siku akisema hautoki, hautoki, na shemeji yangu alinuna lakini alitii. Alikuwa anamkagua mtu ambaye samaki wake ndio chakula chake, na hakuna siku aliyomwonea haya, ila sina hakika kama reli inaweza kumwoa mkaguzi wake. Shemeji Cuthbert alifariki kwa homa tarehe 30 Aprili 2009, na mwaka uliofuata marehemu akarudi hapa Kitura, kwenye shamba aliloachiwa na mama.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mlikuwepo. Tarehe 17 Juni mwaka huu wa 2025 tuliitwa kwenye ofisi ya kata kutoa maoni juu ya reli, hii reli tunayoisikia tangu tukiwa watoto na ambayo hadi leo hatujaona hata msumari wake, na kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, alikwenda akiwa ameshahesabu mibuni yake kwa ajili ya fidia. Yule kijana mtumishi kutoka mjini alitueleza kwa upole mara tatu kwamba fidia si jambo la siku ile, kwamba kinachoulizwa ni fedha za kuwalipa wakaguzi wa usalama wa reli zitoke wapi, kwa wenye treni wanaokaguliwa au katika mfuko wa serikali ambao ni wetu sote, na kila alipomaliza Mzee Augustino aliinua mkono akauliza mbuni mkubwa ni sawa na midogo mingapi. Tulipoelewa kidogo tukamchagua dada yangu atusemee, si kwa sababu nyingine ila kwamba ndiye peke yake kati yetu aliyewahi kupanda treni, mara moja, kutoka Makambako kwenda Mbeya, na alipoulizwa treni ikoje alisema kwamba ilifika. Siku hiyo akasimama akasema mwenye treni alipe, na Mzee Augustino akashangilia, akiongeza kwamba mwenye mbuzi ndiye anunue kamba. Tarehe 24 Julai, kwenye mkutano wa pili uliofanyika kule ziwani, akasimama tena akasema sote tulipe, na safari hii Mama Emerensiana ndiye aliyeshangilia, kwamba mlinzi akishibishwa na mwenye mbuzi atasema mahindi yameliwa na upepo. Kijana wa watu akaandika yote mawili, akakuna kichwa, akatupa muda tukubaliane.

Hatukukubaliana. Naomba Baba Paroko anisamehe kwa kulisema mbele ya jeneza, lakini tangu Julai kijiji hiki kimegawanyika kwa ajili ya treni ambayo haipo, shikamoo za watoto zinapokelewa kwa upande, kwenye mashine ya kusaga kuna foleni mbili, na hata kanisani mmekaa kama mlivyokaa leo, kila upande ukisema Mektilda ni wetu. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kuchuma kahawa yake, na akisalimiwa na upande mmoja aliuliza habari za upande wa pili.

Mwezi Septemba marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, ikagundulika kwamba moyo wake umepanuka, akalazwa mara mbili, na tarehe 2 Novemba madaktari wakaturuhusu kurudi naye nyumbani, wakitueleza wazi kwamba zilizobaki ni dawa za kumpunguzia shida na watu wa kukaa naye. Watu hawakukosekana. Pande zote mbili zilileta walinzi, na nitasema ukweli kwamba mapenzi yalikuwepo lakini hofu pia ilikuwepo, kila upande ukichelea asije akatoa jibu masikioni mwa upande mwingine, basi viti vikapangwa kushoto na kulia mwa kitanda, na mgonjwa katikati akawa kama mpaka wa shamba. Lililoshindikana ni chakula cha walinzi. Watu wa kushoto walisema ni juu ya nyumba yenye mgonjwa, watu wa kulia wakasema kila nyumba ilete chungu, na wakati wanabishana Edina alikuwa anapika peke yake, akiuguza kwa mkono mmoja na kusonga ugali kwa mkono mwingine, mpaka naye akapata homa na kulazwa kule zahanati.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Novemba, nilimwinamia dada yangu nikamuuliza, nani alipe, tuambie tupumzike. Akasema, "Sijui, mdogo wangu. Ningejua ningewaambia Juni." Kisha akaniuliza kama wale waliokaa wamekula. Nilikwenda Mbinga mjini kufuata dawa, nikiacha viti vyote vimejaa, na mchana mvua ilipokatika walinzi wa kushoto wakaona wa kulia wapo, wakatoka kutafuta chochote cha kuweka tumboni, na wa kulia, waliokuwa barazani wakipunga upepo, wakadhani wa kushoto bado wako ndani, nao wakaenda makwao. Niliporudi nilikuta mlango uko wazi, viti viko mahali pake, na kikombe cha maji kimeanguka upande ambao mkono wake haukufika. Daktari ameniambia moyo ule ungesimama hata kama chumba kingejaa watu, na ninamwamini. Lakini dada yangu alikufa peke yake, katika kijiji kizima kilichokuwa kinamlinda, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, na sitaki kulificha.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Septemba, nawashukuru wakulima wenzake wa kahawa wa Mbuji na Kitura, nawashukuru ndugu wa ziwani waliopanda na usipa wao, dagaa wa ziwa, nawashukuru majirani wa kushoto na majirani wa kulia, na kijana yule wa mjini aliyetuma salamu za pole akaongeza kwamba Jumatatu bado ni Jumatatu. Nitakwenda kwake mimi. Nitamwambia kwamba Mektilda Kapinga hakujua nani alipe, na mimi sijui, na kwamba katika maisha yake yote nimeona kila njia ikifaa siku moja na kuharibika siku ya pili, ila kuna jambo moja Kitura tumelijua kwa macho yetu, kwamba wakati watu wanabishana juu ya chungu cha mlinzi, mlinzi hayupo.

Mtakapotoka makaburini msitawanyike, chakula kipo. Nimepita jikoni kabla ya kuja hapa, upande wa kushoto wamepika, upande wa kulia wamepika, hakuna aliyemwambia mwenzake, wali, maharage, nguruwe, ugali wa mahindi na wa muhogo, sufuria zimekosa mahali pa kutua. Leo kimezidi.

Dada Mektilda, uliuliza kama wamekula, leo watakula. Pumzika wewe, amani tuachie sisi tuitafute.