Mama Rosalie na Kadi ya Kyungu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Studio Lufira, hapa Likasi, Mama Rosalie Mwansa anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo nchi nzima inasherehekea uhuru wake, na yeye ataanza wa kwake. Tulimwambia achague tarehe nyingine, kwa kuwa siku ya sikukuu studio imefungwa na hatutaweza kusema alifanya kazi hadi siku ya mwisho. Akacheka, akasema ndiyo sababu ameichagua.

Wengi wenu mnaosoma programu hii ya kumuaga mnaijua sauti yake kuliko sura yake. Chumba chake kiko nyuma kabisa, kupita stoo, na mimi Tania ninayekaa mapokezi nimekuwa nikipokea amri zake kupitia ukuta. "Tania, nani amegusa waya yangu?" Hakuna aliyegusa. Hakuna ambaye angethubutu.

Mama Rosalie ni mtoto wa Panda, wa kambi ya wafanyakazi, na baba yake alikuwa fundi chuma. Aliajiriwa hapa wakati picha zilikuwa bado zinasafishwa kwa dawa gizani na kuanikwa kwenye kamba. Kamera za kidijitali zilipoingia, wapiga picha wengi wa mji walisema ni mchezo wa watoto, utapita. Yeye alichukua kijitabu cha maelezo, akasoma kurasa za Kifaransa, akazikasirikia zile za Kichina, na ndani ya miezi michache ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Harusi, mazishi, ubatizo, mahafali, mechi za mpira: karibu kila familia ya Likasi ina picha iliyopita mikononi mwake.

Lakini jina lake lilienea kwa sababu ya kadi. Namaanisha kadi ya kumbukumbu, kile kipande kidogo kinachokaa ndani ya kamera au simu na kubeba sherehe nzima ya watu. Kadi ikiharibika, watu huja studio na uso wa mtu aliyefiwa. Mama Rosalie huwapokea kama muuguzi. Umeona nini? Kamera imeandika kosa? Jana ilijaa na leo inasema ni tupu? Majina ya mafaili yamegeuka alama zisizosomeka? Picha inafunguka nusu, na nusu nyingine ni kijivu? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, anakunyang'anya kadi kabla hujamaliza sentensi.

Kisha linakuja somo, na hata ukiwa mkubwa wa mji utalisikiliza umesimama. Usipige hata picha moja zaidi, maana ile mpya itakaa juu ya zile unazozililia. Na simu ikikuuliza kama unataka kuformati, yaani kuifuta kadi yote, ikatalie. Hili alilisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na Pitshou, mpiga video wetu, akalibandika mlangoni kwa herufi kubwa: "Kama inakuuliza formater, weye sema non!" Chini yake akaongeza la pili: "Taa ikiwaka, musitoe carte!" Taa hiyo ni ile nyekundu ndogo ya kamera, inayoonyesha kwamba bado inaandika.

Siyo wote waliosoma mlango. Katekista Gracien alidondosha kadi yake kwenye beseni la maji, akakumbuka kusikia mahali kwamba kitu kilicholowa hufukiwa kwenye mchele. Nyumbani hakukuwa na mchele, akaifukia kwenye unga wa bukari, ugali wetu. Alituletea kadi kavu kabisa, tayari kwa kusongwa. Mama Rosalie aliisafisha kwa brashi laini, akarudisha picha zote za komunyo, na mpaka leo akimwona katekista anamuuliza kama ameleta mboga.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe amenikazia kwamba nisimulie jambo moja kubwa, moja tu, Tania, maana anakijua kinywa changu. Basi ni lile la mapasa wa Guy na Chérie. Mapasa, kwa wageni wetu wa mbali, ndio mapacha.

Guy ni seremala wa Panda. Mwaka huu, baada ya Pasaka, mkewe Chérie alipokuwa anajifungua, Guy alikuwa juu ya paa akigongomea bati ili chumba cha mtoto kisivuje. Shemeji yake akampigia kelele kutoka chini kwamba ni wawili. Guy akarusha mikono juu kwa furaha. Yote miwili, ndiyo. Alivunjika mguu na mkono wa kushoto, akapelekwa hospitali akiwa bado anacheka, hivyo ndivyo wanavyosimulia.

Hapo ndipo alipoingia Kambo Émérence, bibi yake Chérie, maana kwetu bibi ni kambo. Alitoka kijijini kwake kando ya ziwa Tshangalele akiwa na kapu la samaki wakavu na sheria zake. Sheria ya kwanza: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabwe, na anachopewa mmoja apewe na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa atakasirika na hasira ya pasa si mchezo. Ya pili: mapasa hutolewa nje ya nyumba kwa nyimbo na pemba, ule udongo mweupe wa kupaka, na hutolewa mara moja tu. Ya tatu ndiyo iliyomuumiza Guy: kwao, baba hawagusi watoto mpaka aone kwa macho yake walivyotolewa.

Na Guy alikuwa amefungwa kitandani, mguu juu. Watoto wake alikuwa amewaona kwa mbali tu, walipopitishwa mlangoni mwa wodi kabla ya kupelekwa nyumbani. Aliomba, akabembeleza, akatuma wazee. Kambo hakutikisika. Chérie ndiye aliyepata wazo la filamu: sherehe ipigwe video, Guy aione kitandani, kisha awashike wanawe. Kambo akafikiri muda mrefu, akakubali kwa sharti moja. Kila mtoto awe na kadi yake.

Msicheke. Pitshou alikwenda na kadi mbili, na Kambo akazitia alama ya pemba mwenyewe, nukta moja ya Kyungu na nukta mbili za Kabwe. Kyungu akatolewa, kamera ikamfuata vizuri. Wamama walikuwa wanaimba zile nyimbo za mapasa ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu padri naye amepewa programu. Ilipofika zamu ya Kabwe, Kambo akasimama mbele ya kamera. "Toa ile! Tia ya mwenzake! Unataka Kabwe akasirike?" Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Pitshou aliiona, na ndiye huyo huyo aliyeandika karatasi ya mlangoni. Lakini mlango ulikuwa mbali na Kambo alikuwa karibu. Akaichomoa.

Kadi ya Kabwe ilitoka salama. Ya Kyungu, kamera iliandika kosa. Wakaitia kwenye simu ya shemeji, simu ikauliza kama iformati, na kidole cha shemeji kilikuwa tayari njiani Pitshou alipoirukia simu. Tunamsamehe kosa la kwanza kwa ajili ya mruko huo.

Asubuhi yake walijaa mapokezi kwangu. Chérie alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mmoja kifuani, Kambo na fimbo, Pitshou nyuma kabisa. Simu ya Chérie haikunyamaza. Guy alikuwa anauliza tu, leo? Kuonyesha kadi ya Kabwe peke yake, Kambo alikataa, Kyungu atasema nini? Kuwatoa watoto upya, alikataa pia. "Mutoto anatoka mara moja," akasema, na machozi yakamtoka Chérie palepale, maana alijua bibi yake habadiliki.

Mama Rosalie hakumgombeza mtu. Alisukuma kile kifungo kidogo cha pembeni kinachozuia kadi isiandikwe tena, akafuta meno ya shaba ya kadi kwa kitambaa kikavu, akaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikasema haina kitu. "Haikufe," akaniambia kupitia ukuta. "Ilipotea tu njia." Akanakili kadi nzima kama ilivyo, kadi yenyewe akaiweka pembeni, akafanya kazi kwenye nakala. Ndivyo afanyavyo siku zote, mgonjwa halisi hapasuliwi mara mbili. Programu yake ya kutafuta mafaili yaliyopotea ikaiona filamu ya Kyungu. Ilikuwapo. Ila ilikataa kufunguka, kwa sababu kamera ilinyang'anywa kadi kabla ya kuifunga, kama kitambaa kilichokatwa kwenye cherehani kabla ya pindo.

Filamu ya namna hiyo inaweza kushonwa upya, lakini kompyuta inahitaji mfano: filamu nzima, nzuri, ya kamera ileile, iliyopigwa kwa mpangilio uleule. Tukatafuta kwenye kazi zote za Pitshou. Hakuna iliyofaa, maana asubuhi ya sherehe alikuwa amebadilisha mpangilio wa kamera kwa sababu nyumba ya Chérie ina giza. Kazi ilikwama. Chérie akaizima simu yake, hakuweza tena kumsikia Guy akiuliza.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka na Mama Rosalie akaja mwenyewe mapokezi, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Akamnyoshea Kambo mkono. "Kambo, leta ya Kabwe. Ni yeye atamuponesha ndugu yake." Kadi ile ya nukta mbili, iliyoleta balaa lote, ndiyo iliyokuwa na filamu nzima ya kamera ileile na mpangilio uleule. Kompyuta ikajifunza kwa Kabwe, ikamfungua Kyungu. Tulisikia nyimbo kupitia ukuta, zile zile zisizoandikika, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia matusi. Kambo akamtazama Pitshou kutoka juu hadi chini. "Minye nilijua," akasema, kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali, wote, studio tukaifunga. Kompyuta ikawekwa juu ya meza ya kitanda. Wodi nzima ilijikusanya, wenye magongo mbele. Guy alimwona Kyungu akitolewa, akamwona Kabwe, akalia bila kujificha. Wagonjwa waliojua nyimbo wakaitikia, wauguzi wakajifanya hawasikii.

Filamu ilipokwisha, Kambo akatoa sheria ambayo hakuwa ameitaja. Mapasa hupokelewa pamoja, dakika moja, hakuna wa kutangulia. Na Guy alikuwa na mkono mmoja mzima. Chérie akajitolea, Kambo akasema mama hahesabiwi, yeye amekwisha kuwabeba. Kisha akamgeukia Mama Rosalie, aliyekuwa anakunja waya zake. "Weye ulibarudisha," yaani uliwarudisha. "Shika."

Mama Rosalie hakujaliwa mtoto. Sisi wenzake tunalijua na hatulizungumzi, ila safari hii ameniruhusu niliandike, akasema hata hivyo ningeliandika. Aliuliza, "Minye?", kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka nyuma ya ule ukuta. Kyungu akalazwa kwenye mkono wa baba yake, na wakati uleule Kabwe akalazwa kwenye mikono ya Mama Rosalie. Alimshika kama alivyoonyeshwa, hakutikisika. Pitshou alikuwa na kamera shingoni na hakupiga kitu, anadai vumbi lilimwingia machoni. Nyimbo zilianza upya, saa ya kuona wagonjwa ikapita, na hakuna aliyesogea kumpokea mtoto.

Kuna jambo wageni hawalijui. Mama Rosalie aliwahi kuahirisha kustaafu mara mbili. Tulipomuuliza sababu, alisema kompyuta zetu zitakufa bila yeye, nasi tukaamini. Wiki iliyofuata ile siku ya hospitali alikuja mapokezi tena, mara ya pili mwaka huu, akaniambia ukweli: alikuwa anaiogopa nyumba yake mchana. Sasa haiogopi. Kambo Émérence amekwisha kuamua kwamba aliyempokea pasa pamoja na baba yake si mgeni tena, na Chérie huwaleta watoto kwake kila wiki, wote wawili, sheria ni sheria. Hapo ndipo alipotaja tarehe 30 Juni.

Mama Rosalie, wewe mwenyewe wajua kwamba Pitshou ataendelea kutusumbua, na kwamba nitaugonga ukuta wako mara nyingi kabla sijakumbuka kuwa hupo. Tunakushukuru kwa kila uso uliowarudishia wenyewe. Tumekupenda, na tulichelewa kukuambia. Kabwe akilia usiuzime umeme, usimfute kwa kitambaa kikavu, mbebe tu. Studio nzima inakutakia maisha mema na nyumba yenye kelele, Kambo Rosalie.

Tania, mapokezi, kwa niaba ya wenzako wote