Jumapili Mama Hesta Alipoacha Maneno ya Mchezo

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo. Walio Berea, walio Doornfontein, walio dukani Soweto, na wewe uliye kazini na redio chini ya meza ili bosi asikuone. Mimi ni Kagendo. Leo sauti yangu haiko sawa, mtanivumilia. Mama Hesta ametutoka.

Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Hester Langthorne, Mwingereza, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, ambaye sisi tulimwita Mama Hesta, alifariki Jumanne asubuhi katika fleti yake hapa Berea, Johannesburg. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Binti yake, Judith, alikuwa naye.

Najua kuna mtu anauliza, Mwingereza gani tena anafia Berea, wakati Waingereza wana Sandton yao, mtaa wa matajiri? Tulia, nitakueleza.

Mama Hesta alizaliwa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha sufu. Mashine zilikuwa na kelele nyingi hata wanawake wa pale hawakusikilizana. Basi wakazoea kuongea kwa midomo tu, bila sauti, huku uso mzima ukisaidia. Jioni mama na mashangazi wakirudi nyumbani waliendelea hivyo hivyo mezani, hasa walipomsengenya mtu. Hester mdogo akajifunza kusoma nyuso kabla hajajifunza kusoma kitabu. Alikuwa akiniambia kwamba chuo chake cha uigizaji kilikuwa pale mezani, na kwamba hakulipiwa karo.

Akiwa msichana alijiunga na kundi la maigizo lililozunguka miji midogo. Mwaka wa kwanza alibeba sinia. Anaingia na sinia, anatoka na sinia, basi. Baadaye akapata kusema. Baadaye akafika London, na huko watu wakaanza kukata tiketi kwa sababu yake.

Halafu ikaja televisheni. Kwa miaka tisa Mama Hesta aliigiza daktari wa mifugo kijijini. Miaka tisa, wasikilizaji. Waingereza walimpenda vibaya. Mtu akimwona barabarani anamletea mbwa amtazame mguu. Yeye hajui hata kumshika mbwa, lakini alikuwa anainama, anatazama, anasema ampumzishe. Hata hapa Johannesburg, bibi mmoja wa Kizungu alimfuata Rosebank akimweleza habari za paka wake asiyekula. Mama Hesta alimsikiliza hadi mwisho na kumpa pole.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Judith mwenyewe ameniruhusu nilitaje hewani. Nilimuuliza mara mbili, akakubali mara mbili.

Mama Hesta alikuwa na mtoto huyo mmoja. Baba aliondoka mapema. Mama alikuwa safarini na maigizo, mtoto akalelewa na shangazi yake. Hilo Judith alilimeza. Lisilomezeka ni la harusi. Judith aliolewa siku ya Jumamosi, na siku hiyo mama yake alikuwa na onyesho la mchana London. Katika maigizo kuna mwigizaji wa akiba. Huyo anajifunza maneno yote ya mwenzake na kukaa tayari, ili mkubwa akiugua au akipata udhuru, mchezo uendelee. Mwigizaji wa akiba alikuwapo. Alikuwa tayari, tena alikuwa anaomba Mungu apate nafasi. Mama Hesta alikuwa ameahidi kwenda harusini. Hakwenda. Alipanda jukwaani.

Baadaye aliandika kadi kusema kazi ilimbana, na kwamba kazi yote aliyoifanya maishani aliifanya kwa ajili ya Judith. Hapo ndipo binti alipofunga mlango. Kwa miaka mingi walibaki watu wa kadi ya Krismasi.

Umri ukasogea. London, mwigizaji wa kike akizeeka anapunguziwa maneno. Mama Hesta alikaribia kurudi kwenye sinia. Akiwa na miaka sitini na mitano aliletwa hapa Johannesburg kwa filamu, aigize mjane wa mkulima. Sentensi tatu. Aliyemvalisha wigi alikuwa Angélique, mtengeneza nywele kutoka Bukavu, ambaye wengi mnamjua, ana saluni hapa Berea. Siku hiyo mvua ilizuia kazi. Angélique akamchukua kwake, akampikia bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Mama akala kwa mikono, akajichafua mpaka kwenye kola, akaomba tena.

Filamu ikaisha. Yeye akabaki. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba London akizeeka anashushwa, ila Berea kila mvi inampandisha cheo. Alianza kuitwa Mama, watoto wa ghorofani wakamwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na kwenye foleni ya spaza, duka la mtaani, watu walimpisha mbele. Nani angeondoka?

Akaanzisha kundi la maigizo katika ukumbi wa kanisa kule Doornfontein. Waigizaji wake walikuwa wauza duka, mafundi cherehani, walinzi. Walinzi walikuja mazoezini na sare, kwa sababu wengine walitoka kazini na wengine walikuwa wanakwenda. Alijifunza Kiswahili, tena Kiswahili cha Bukavu, cha Angélique mtupu. Mara ya kwanza aliponiambia "niko naenda", mimi Mkenya nilicheka. Na sisi Wakenya tukicheka Kiswahili cha mtu, jamani, mjue dunia imepinduka.

Miaka mitatu iliyopita, kumbukumbu yake ilianza kumtoka. Kwanza majina. Kisha maneno ya mchezo. Siku moja alisimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na fleti yake. Nyuma ya jukwaa, kule Uingereza, mwigizaji huwekewa taa. Nyekundu, jiandae. Kijani, ingia. Basi Mama Hesta alingoja kwenye robot, ikawa kijani, akaingia. Aliingia katikati ya magari, akanyanyua mikono, akaanza kuigiza. Teksi zikapiga breki. Aliyemtoa pale ni Théodore, mlinzi wa jengo la jirani, ambaye pia alikuwa mwigizaji katika kundi lake. Alimshika mkono na kumwambia onyesho limekwisha, amefanya vizuri.

Jioni ile Angélique alimpigia simu Judith. Judith akasema anakuja kumchukua mama yake, ampeleke nyumba ya wazee Uingereza. Tiketi mbili za kurudi zilikuwa zimekwisha kukatwa.

Lakini kundi lilikuwa na mchezo karibu. Ulikuwa mchezo wao wenyewe, walioutunga pamoja: mama mmoja ameuza shamba la ukoo, watoto wake wamemshtaki kwa wazee. Mama Hesta ndiye mama. Akaomba jambo moja tu, aachwe acheze mara ya mwisho. Atachezaje na maneno hayakai? Angélique ndiye aliyepata njia. Nilimrekodi akinieleza, na maneno yake ni haya:

"Mi nilimwambia, Mama, kwetu kanisani pasteur hasemake peke yake. Kuko mtafsiri pembeni. Mi ntakuwa mtafsiri wako. Batu batawaza niko nakufuata, kumbe ni weye unanifuata."

Mnaosali makanisa ya Wakongo mnajua. Mhubiri akisema Kifaransa, mtafsiri anasema Kiswahili. Mhubiri akirusha mkono, mtafsiri anarusha mkono. Mmezoea hata hamuoni ajabu. Basi Mama Hesta akacheza kwa Kiingereza, na Angélique akasimama ubavuni kama mtafsiri wake. Ila Angélique ndiye aliyetangulia. Alimpa maneno kwa midomo tu, bila sauti, Mama akamtazama uso na kuyasema, kisha Angélique akayatafsiri kwa sauti kubwa. Ukumbi mzima haukushtuka.

Nilikuwapo Jumapili hiyo mchana. Judith alikaa mbele, mkoba magotini, uso mkavu. Mchezo ukaenda vizuri mpaka sehemu ya mwisho. Théodore, aliyekuwa mzee wa baraza, akamuuliza mama kwa nini aliuza shamba. Jibu la mchezo ni kwamba nililiuza kwa ajili yenu, wanangu. Angélique akampa maneno hayo. Mama Hesta hakuyachukua. Angélique akampa tena. Mama alikuwa anamtazama Judith.

Akasema, kwa Kiingereza, polepole: "Haikuwa kwa ajili yako. Mtu wa kunishikia nafasi alikuwapo. Ningeweza kuja. Nilipenda kubaki pale nilipopigiwa makofi."

Ukumbi ulisubiri tafsiri. Angélique angeweza kusema maneno ya mchezo, na hakuna ambaye angejua. Aliyatafsiri yale yale aliyoyasikia, neno kwa neno. Wamama wakaguna, wakidhani ni shamba linalosemwa.

Théodore alijua si shamba. Kwa mujibu wa mchezo alitakiwa atoe hukumu. Lakini Théodore ni mtu aliyekaa kwenye mabaraza ya kweli ya ukoo, na kule hakuna hukumu kabla ya aliyekosewa kupewa nafasi. Akageukia viti vya mbele na kusema kwamba baraza linamngoja mtoto ajibu.

Judith akasimama. Angélique akamtafsiria na yeye pia. Judith alisema hivi: "Nilisimama mlangoni pa kanisa nikikungoja, mpaka wakaniambia niingie."

Mama yake akamjibu, "Najua. Nilitazama saa katikati ya mchezo."

 Judith hakumkumbatia. Hakusema amesamehe. Aliomba kiti kipelekwe jukwaani, kwa sababu mama amechoka kusimama. Théodore akapeleka kiti, akasema baraza litaendelea siku nyingine.

Tiketi mbili hazikutumika. Judith aliahirisha wiki moja, kisha mwezi, kisha akaacha kuahirisha. Lakini alibaki na donda. Aliniambia jikoni kwa Angélique, akichambua mboga: "Mama yangu ni mwigizaji, na akili yake inatoka. Nitajuaje kama siku ile aliniomba mimi msamaha, au aliigiza tu?" Na muda wa kumuuliza ulikuwa umepita. Mama Hesta hakumtambua tena. Alidhani ni nesi, nesi mzuri, na akamsifu kwa wageni.

Na miezi ya mwisho Mama Hesta akaanza jambo. Aliamka asubuhi akitafuta viatu. Alimwambia nesi wake afanye haraka, leo binti yake anaolewa, na yeye hatacheza, amekwisha kuwaambia wampe yule wa akiba. Siku ya kwanza Judith alitoka akalia kwenye ngazi. Siku ya pili alimweleza ukweli kwamba harusi ilipita zamani, na mama akalia hadi jioni. Siku ya tatu akamtafutia viatu.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi ya asubuhi. Anamvisha gauni zuri. Anamchana nywele, au Angélique anakuja kumchana. Anamshika mkono, wanatembea ndani ya fleti, kutoka chumbani hadi mlangoni. Mama anauliza kama wamechelewa, na Judith anajibu kwamba bado. Wakifika mlangoni, mama anasimama, anaridhika, anarudi kulala. Kesho yake tena.

Nilimuuliza Judith kama kuna siku alimwambia mama yake kwamba amemsamehe. Alisema hapana, angemwambiaje, wakati yeye ni nesi. Lakini Jumanne asubuhi, mama hakuweza kuinuka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama bado kuna muda. Judith akapanda kitandani, akamshika mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza hakujibu kama nesi.

Alimwambia, "Mama, umefika. Ni mimi. Nilikuwa nakungoja wewe ndipo niingie."

Mama Hesta akasema asante Mungu. Judith anasema alisema hivyo. Kisha akalala, na hakuamka.

Narudia. Hester Langthorne, Mama Hesta wetu, alifariki Jumanne. Matanga yako nyumbani kwa Angélique, Berea, na maziko ni Jumamosi asubuhi. Judith amekaa chini kwenye mkeka na wamama wenzake. Kiswahili hajui, ila hamuachi mtu ampe mkono bila kumshika wa pili. Kwako Judith, kwako Angélique, kwako Théodore na kundi zima la Doornfontein, poleni sana, poleni kwa niaba ya kila anayenisikia. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayesikiliza, kabla sijakuachia muziki. Jumamosi hii yupo mtu anayekusubiri mahali, na umekwisha kupanga utakavyomwambia kazi ilikubana. Mimi nimeomba mwenzangu anishikie kipindi, niende maziko. Omba na wewe. Kazini atapatikana mtu wa kukaa kwenye kiti chako. Pale mlangoni hawataki mwingine, wanakungoja wewe.