Mama Ukoga na Mahindi Yasiyokuwepo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Ukoga, mtafiti wa meno ya kale, aliyetutoka Jumanne akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, naye akalipenda. Ukoga ni ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno. Mimi na wewe tunaufukuza kwa mswaki. Yeye aliukwangua taratibu kwenye meno ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, akautazama kwa hadubini, akatafuta chembe za mimea waliyotafuna. Na kabla ya kugusa fuvu, alilisalimu kwanza. "Shikamoo." Ukimcheka, anakujibu, "Kwani huyu si mkubwa wangu?"

Mwaka mmoja akaona wanga wa mahindi. Mahindi, jamani, kwa watu walioishi kabla mahindi hayajafika kwao! Maabara ikajaa vigelegele. Mkuu wake akaita waandishi wa habari.

Lakini roho yake haikutulia. Binti yake anasimulia: "Mama alirudi nyumbani, chakula hakugusa. Akaniambia, 'Mwanangu, haya mahindi yamezidi. Kila jino mahindi tu?'"

Kesho yake akachukua kioo kitupu cha hadubini, kisicho na jino wala ukoga, akakishika kwa glavu zake. Akachungulia. Mahindi! Yalitoka kwenye unga wa glavu, ule wa mahindi unaozifanya zivalike kirahisi.

Nani angejua? Angenyamaza tu, sifa zingekuwa zake. Akasimama ukumbini mbele ya waandishi akasema, "Nimekosea. Mahindi ni ya glavu, si ya wazee wetu." Mkuu wake alinuna mwezi mzima. Mimi nilikuwa mle ukumbini, na hadi leo najivunia kuwa nilimsikia.

Akaanza upya, kwa glavu zisizo na unga. Safari hii akakuta mizizi ya porini, mbegu za nyasi, na kwenye jino lililooza, chembe za jani chungu lisiloshibisha mtu. Watu wale walijua dawa. Watafiti wengine wamepima na kupima tena, na jibu ni lilelile.

Kwa mumewe, binti yake na wajukuu, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tujiulize: makofi yakishapigwa, nani kati yetu atanyanyua mkono aseme kosa ni langu?

Binti yake ameniambia hivi: "Wakiniuliza mama aligundua nini, nawajibu: aligundua kosa lake mwenyewe, kabla watoto wetu hawajafundishwa kuwa ni kweli."